Bibi Hakuiweka Taa Nje

"Bertila! Zima taa ya uani, zima na hiyo redio, uende shule. Saa moja hiyo!"

"Bado, Mama. Saa ya ukutani inakwenda mbele dakika saba. Mtangazaji amesema sasa hivi."

Mama Bertila alisimamisha cherehani yake. Jina lake lilikuwa Josepha, na nusu ya wanawake wa mtaa wa Gongoni walikuwa wameshonewa naye magauni. "Mtoto huyu," aliiambia cherehani, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa, "ukimwambia hii ni chumvi, ataionja kwanza."

Bertila alicheka. Akazima taa, akazima redio, akachukua mfuko wake wa madaftari. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Darasa la Sita katika Shule ya Msingi Mininga Minne, hapa hapa mjini Tabora. Ubishi wake hakuuokota njiani. Aliurithi kwa bibi yake wa Ziba, yule aliyewahi kubishana na mpima mashamba tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka mpima akachoka akapima upya, na ikaonekana bibi ndiye aliyekuwa na haki.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya kurudishiwa mtihani wa Kiingereza. Bertila alitembea haraka kuliko kawaida yake. Mwalimu Renatus, mwalimu wao wa Kiingereza, alikwisha kutangaza kwamba kila atakayepata alama kumi na nane au zaidi kati ya ishirini ataiwakilisha shule katika mashindano ya Kiingereza huko Ulyankulu. Kumi na saba na nusu haitakiwi, alisema, na huruma haitakiwi. Bertila alikuwa amejiandaa kwa mwezi mzima. Alikuwa amemwambia Mama kwamba atakwenda, amemwambia Bibi kwa simu, na Bibi naye kwa furaha yake alikuwa amewaambia majirani wote wa Ziba. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Mwalimu Renatus alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za vumbi. Baba wa babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu na mizigo mingine ya misafara kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, na hapakupita wiki mwalimu asiwakumbushe wanafunzi wake jambo hilo. Hata Kiingereza alikifundisha kwa wapagazi. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa ya manila yenye safu mbili. Safu ya kushoto iliitwa Wapagazi, ya kulia Mizigo.

Alikuwa na sababu. Katika Kiingereza kuna vitenzi ambavyo havitembei peke yao. Hushikana mkono na kineno kidogo, na vikishashikana, maana hugeuka. "Put" peke yake ni weka. Lakini "put on" ni vaa, "put off" ni ahirisha, na "put out" ni zima. Kitenzi cha namna hiyo, alisema mwalimu, ni mpagazi, na jina linalokifuata ni mzigo wake. Ukimtwika mpagazi mzigo usio wake, msafara wote unasimama njiani na watu wanakucheka.

"Mpagazi!" mwalimu alikuwa akiita kila kipindi kinapoanza.

"Mzigo!" darasa liliitikia.

"Put out!"

"The fire!"

"Put off!"

"The meeting!"

"Take off!"

"The shoes!"

"Turn off!"

"The lamp!"

"Kila mpagazi?"

"Na mzigo wake!"

Wanafunzi walikuwa tisini na wawili, na sauti zao zilifika mpaka jikoni kwa wapishi wa uji. Hata wapishi walikuwa wameshajua kwamba "put out" hubeba "the fire".

Asubuhi hiyo, baada ya kuitikiana, mwalimu aligawa karatasi. Bertila alipokea yake, akatazama juu. Kumi na saba.

Aliitazama tena, kana kwamba tarakimu zinaweza kuona haya zikabadilika. Hazikubadilika. Swali la tano alikosa, na alijua kwa nini. La nane alikosa, na alijua kwa nini. Lakini swali la kumi na mbili lilimfanya akunje uso. Swali lilikuwa limeandikwa hivi: "Grandmother ______ the lamp and closed the kitchen door." Bertila alikuwa amejaza "put out". Mwalimu alikuwa amepiga mkasi mkubwa mwekundu, alama ya kukosa.

Bertila alisimama. "Mwalimu, samahani. Swali la kumi na mbili, nafikiri nimepata."

Vichwa vyote viligeuka. Kwa Mwalimu Renatus watu walisimama kujibu swali, hawakusimama kukataa jibu.

"Soma karatasi ya ukutani," mwalimu alisema bila kuinua kichwa. "Lamp inabebwa na nani?"

"Na turn off, Mwalimu. Lakini..."

"Na put out hubeba nini?"

"The fire. Lakini, Mwalimu..."

"Basi umemtwika mpagazi mzigo wa mwenzake. Kaa."

Shilinde, aliyekaa dawati moja na Bertila, hakuweza kujizuia. Ulimi wa Shilinde ulikuwa hauna mlango. "Put ni weka, out ni nje," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Kwa hiyo bibi yake Bertila ameiweka taa nje, halafu amefunga mlango wa jiko! Bibi, taa itaibiwa hiyo!"

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu alitabasamu kidogo. Bertila alihisi masikio yanawaka moto, lakini hakukaa.

"Bibi hakuiweka taa nje!" alisema. "Bibi ameizima. Taa ya bibi ni koroboi, Mwalimu. Ina utambi na mafuta ya taa. Ule ni moto! Swali limesema bibi, limesema jikoni. Mimi nilimwona bibi yangu kabisa nilipokuwa nalisoma."

"Kitabu changu cha majibu kimesema turn off."

"Aliyeandika hicho kitabu amefika kwa bibi yangu?"

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Mwalimu Renatus aliweka kalamu mezani polepole. Hakufoka, na pengine angefoka ingekuwa nafuu. "Bertila Masolwa. Shingo ngumu si ushahidi. Jumatatu saa nne napeleka majina kwa mwalimu mkuu. Una jambo la kunionyesha kabla ya hapo, lilete. Huna, kaa na kumi na saba yako kwa adabu."

"Nitalileta, Mwalimu," Bertila alisema. Kisha akakaa, kwa sababu sasa alikaa kwa hiari yake.

Ijumaa mchana ilikuwa zamu ya Darasa la Sita kumwagilia miti. Bomba la shule lilikuwa limekauka tangu wiki iliyopita, hivyo maji yalitoka kwenye kisima nyuma ya uwanja wa mpira. Wavulana wakubwa walibeba kwa mzegazega: mti mmoja begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma. Bertila alipangwa na Mwanne, msichana mpole wa dawati la mwisho ambaye mwalimu akimuuliza swali ilibidi amkaribie ili asikie jibu. Ndoo yao ilikuwa kubwa ya lita ishirini. Waliitundika katikati ya mti wa kubebea, mmoja akashika ncha hii, mwingine ile, wakaenda.

Katikati ya uwanja Mwanne alisema, akitazama ndoo, "Na mimi nimekosa ile ya taa."

"Uliandika nini?"

"Put out. Kwetu pia tuna koroboi, umeme ukikatika. Nimepata kumi na saba."

Bertila alisimama ghafla, maji yakawamwagikia miguuni. "Kumi na saba! Mbona jana hukusema? Umeniacha nachekwa peke yangu?"

"Ningesema nini na mwalimu ameshasema?" Mwanne alijibu. Macho yake yalianza kulowa, na Bertila akajuta kwa ule ukali.

Wakaendelea kutembea. Mvulana mmoja akawapita akihema, mti begani, ndoo mbili zikiyumba. Bertila alimtazama. Kisha akautazama mti uliokuwa kati yake na Mwanne. Mtu mmoja, ndoo mbili. Ndoo moja, watu wawili. Alisahau uzito wa maji.

"Mwanne," alisema, "hebu niambie. Ile pembe ya ndovu aliyobeba baba wa babu yake mwalimu, kama ilikuwa kubwa sana, ilibebwa na watu wangapi?"

"Wawili, kwa mti. Mwalimu mwenyewe alisema."

"Alisema mwenyewe!" Bertila alicheka mpaka ndoo ikayumba tena.

Jioni alimwomba Mama simu, akampigia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnakwenda lini Ulyankulu?"

"Bado kuna vita kidogo, Bibi. Nataka kukuuliza. Koroboi yako unaizimaje?"

"Swali gani hilo? Naipuliza. Puu! Imekufa."

"Huigeuzi kitu? Huibonyezi?"

"Nibonyeze wapi? Kopo na utambi, kuna cha kubonyeza hapo?" Bibi alikasirika kidogo, kwa sababu alidhani anafanyiwa mzaha. Bertila alipomweleza habari yote, akasema, "Usikubali. Lakini usibishe kwa mdomo mtupu. Mimi yule mpima nilimshinda kwa sababu nilimpeleka akaliona jiwe la mpaka. Tafuta jiwe lako."

"Wabeja, Bibi," Bertila alishukuru kwa kilugha, na Bibi akafurahi.

Jumamosi alikwenda maktaba ya mjini. Mkutubi alimletea kamusi nene ya Kiingereza, akamwonyesha namna ya kuifungua bila kuivunja mgongo. Neno "put" peke yake lilikuwa na kurasa tatu. Bertila alipita kwa kidole mstari kwa mstari, mdomo ukisoma kimyakimya, mpaka akafika. "Put out": kuzima kitu kinachowaka. Na mifano ilikuwepo: moto, mshumaa, na taa. Taa! Alipiga meza kwa kofi, mkutubi akamkazia macho, akaomba radhi. Akanakili yote kwenye daftari, pamoja na jina la kamusi na namba ya ukurasa.

Hapo angefunga kamusi akaenda zake, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Bertila ni mtu wa kuonja chumvi. Akataka kujua na "turn off" inasema nini, ili mwalimu asije akamshtukiza. Akaitafuta. "Turn off": kuzima chombo kwa swichi, kifungo au koki. Taa ya umeme, bomba la maji, redio.

Redio.

Alitoa karatasi yake ya mtihani kwenye mfuko, akaitazama. Swali la kumi na saba: "Father ______ the radio and picked up his hat." Naye alikuwa amejaza, kwa mwandiko wake mzuri, "put out". Na hapo mwalimu alikuwa amepiga tiki. Labda alikuwa amechoka, maana karatasi tisini na mbili si mchezo. Kwa vyovyote, baba wa kwenye swali alikuwa amepuliza redio, puu, na mwalimu alikubali.

Kwa nini aliandika hivyo? Alijua mara moja, na jibu lilimuuma. Kwa Kiswahili taa tunazima, redio tunazima, moto tunazima, hata simu tunazima. Kitenzi kimoja kinabeba kila kitu bila kulalamika. Kwenye taa alikuwa amefikiri. Kwenye redio alikuwa ametafsiri tu neno la Mama la kila asubuhi.

Akapiga hesabu. Akishinda ya taa, atakuwa na kumi na nane, atakwenda Ulyankulu. Akisema ya redio, atarudi kumi na saba. Na hakuna mtu duniani aliyejua ya redio isipokuwa yeye.

Nyumbani alimkuta Mama anafumua mshono wa gauni la harusi, gauni zuri ambalo lilikuwa limekwisha.

"Mama, mbona unalifumua? Mwenyewe amelikataa?"

"Hajaliona. Nimekosea kipimo cha bega."

"Sasa kama hajaliona, si umwachie tu? Huenda asijue."

"Yeye huenda asijue," Mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Bega lake litajua."

Usiku huo Bertila hakula vizuri, na Jumapili kanisani aliimba nyimbo zote za kwaya bila kujua anaimba nini. Alikuwa na hasira, na hasira ilimgeukia kila mtu. Alimkasirikia mwalimu kwa kupiga mkasi pasipostahili na tiki pasipostahili. Alimkasirikia aliyetunga mtihani wenye taa na redio. Mwisho akabaki mtu mmoja tu wa kumkasirikia, naye alikuwa ndani ya gauni lake mwenyewe.

Jumatatu, kabla kengele haijalia, alimwonyesha Shilinde ile karatasi. Shilinde aliisoma, akakunja midomo, kisha akainamia sikio lake. "Funga mdomo. Tiki ni tiki. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeipiga, wewe hukumshika mkono."

"Ile ya taa mkasi nao aliupiga mwenyewe. Mbona huo nimeukataa?"

"Huo ulikuwa unakuumiza! Huu unakusaidia! Bertila, wewe una akili au una madaftari tu?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bertila aliukumbuka msemo huo, na hakuupenda hata kidogo.

Mwalimu Renatus aliingia. "Mpagazi!" "Mzigo!" Walipomaliza kuitikiana, alitazama dawati la Bertila. "Haya, mwanasheria. Umeleta?"

Bertila alisimama, daftari mkononi. Alisoma alichonakili, akataja kamusi na ukurasa. Kisha akasema, "Mwalimu, umetufundisha kila mpagazi na mzigo wake. Lakini Ijumaa tumebeba maji. Mtu mmoja alibeba ndoo mbili kwa mzegazega. Mimi na Mwanne tulibeba ndoo moja watu wawili. Na wewe ulituambia pembe kubwa ya ndovu ilibebwa na wapagazi wawili."

"Nilisema," mwalimu alikubali kwa tahadhari.

"Basi put out amebeba mzegazega. Mbele fire, nyuma lamp ya koroboi. Na lamp ni ndoo yetu ya lita ishirini. Ikiwa ya umeme anaibeba turn off. Ikiwa ya utambi anaibeba put out. Karatasi ya ukutani haijakosea, Mwalimu. Ni fupi tu."

Mwalimu alichukua daftari, akasoma mwenyewe, mara mbili. Akatazama karatasi yake ya manila, kazi ya mikono yake, miaka minne ukutani. Kisha akatoa kalamu nyekundu.

"Nimekosea," alisema. "Swali limesema bibi na jiko, halikusema swichi. Nani mwingine aliandika put out kwenye taa?"

Mkono mmoja uliinuka nyuma, nusu tu. "Mwanne," alisema mwalimu, "lete karatasi yako. Kumi na nane. Bertila, kumi na nane."

Darasa lililipuka kwa makofi. Shilinde alipiga dawati kwa viganja. Mwanne alikuwa amefunika uso kwa karatasi, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Kaa, Bertila. Umeshinda," mwalimu alisema.

Bertila hakukaa. Shilinde alimvuta sketi. Bertila akaupiga mkono wake.

"Sijamaliza, Mwalimu. Swali la kumi na saba. Niliandika put out the radio. Umenipa tiki. Redio haina utambi."

Makofi yalikatika. Mwalimu alinyoosha mkono, akaipokea karatasi, akaitazama. Uso wake ulibadilika.

"Nilipitiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua maana yake, Bertila?"

"Kumi na saba."

"Mwalimu, msamehe!" Shilinde alipaza sauti, na wengine wakamfuata. "Msamehe, Mwalimu! Amesema mwenyewe!"

"Sitaki kusamehewa!" Bertila aliwageukia, machozi yakimtoka bila ruhusa yake. "Nataka kusahihishwa! Alhamisi nilitaka mkasi ufutwe kwa sababu haukuwa wa kweli. Na tiki hii si ya kweli. Ifute, Mwalimu."

Mwalimu Renatus aliifuta. Akakata na ile kumi na nane, akaandika kumi na saba. Saa nne alipeleka majina matano kwa mwalimu mkuu. La Mwanne lilikuwamo. La Bertila halikuwamo.

Siku ya safari, Bertila alikwenda getini kuwaaga. Tusidanganyane, hakuwa na furaha. Alikuwa na wivu na uchungu, na alikuwa tayari kuubishia ulimwengu mzima. Lakini alimpa Mwanne ukurasa alionakili kutoka kwenye kamusi, ameukunja mara nne. "Mtu akikuambia bibi ameweka taa nje," alimwambia, "usilie. Simama." Gari lilipoondoka na vumbi lake, alikwenda nyuma ya darasa, akalia mpaka akatosheka, akanawa uso kwa maji ya kisima.

Walirudi siku ya pili, nafasi ya tatu kati ya shule tisa. Mwanne alishuka garini akikimbia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, sauti yake ilisikika kabla hajafika.

"Bertila! Nilisimama!"

"Wapi?"

"Kwenye mashindano! Waliuliza mshumaa. Nikasema put out. Jaji akasema nimekosa, jibu lake ni blow out. Nikatetemeka, wewe! Nikasema, samahani, Mwalimu, nina ushahidi. Nikatoa karatasi yako. Majaji wote watatu wakaisoma, wakanipa alama. Bila hiyo tungekuwa wa nne!"

Bertila alimkumbatia mpaka mfuko ukaanguka. Mwalimu Renatus alikuwa amesimama karibu, mkononi ana karatasi mpya ya manila, nyeupe kabisa, ameikunja kama mkeka. Aliwaita wanafunzi wote wa Darasa la Sita waliokuwa pale.

"Watoto wangu," alisema, "nimefundisha miaka kumi na minane. Wabishi nimewaona wengi. Wengi hubisha pale tu wanapopunjwa. Akipunjwa mwenzao, au wakizidishiwa wao, ubishi unakwisha, wanakaa kimya. Huo si ubishi, ni ulafi. Mbishi wa kweli anaudai ukweli hata pale unapomgharimu, na huanza na kosa lake mwenyewe. Na mkimkatalia mtu, hata mwalimu wenu, mkatalieni kwa adabu na kwa ushahidi. Mimi sikupungua kitu kwa kukosolewa. Nimepata karatasi bora."

Akamkabidhi Bertila ile manila na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. "Ya zamani ilikuwa fupi. Wewe ndiye uliyesema. Iandike upya."

"Mwalimu," Bertila alisema, "na mtihani mwingine wa kwenda mashindanoni ni lini?"

"Muhula ujao. Kumi na nane, na huruma haitakiwi."

"Siitaki," Bertila alijibu.

Jumatatu iliyofuata karatasi mpya ilikuwa ukutani. Juu kabisa palichorwa mpagazi mwenye mti begani, mbele amening'iniza moto, nyuma koroboi. Chini yake, kwa kalamu nyekundu ili kila mtu aione, Bertila alikuwa ameandika kosa lake mwenyewe, "put out the radio", na kulipiga mkasi mkubwa.